Kilichoanguka ni cha Kuku

Mwaka nilioumwa, mimi nilikonda na kuku mwekundu wa mama mkwe wangu akanenepa. Naanza na kuku kwa sababu mambo mengine yote ya ugonjwa ule yalikuwa na mkanganyiko, huyu akisema hivi na yule akisema vile, lakini msimamo wa kuku ulikuwa wazi. Kila asubuhi alikuja barazani kwangu, akasimama chini ya ndoo zilizoning'inia, akangoja. Kinyanya kikianguka, chake. Mimi nimesimama pale pale, nimebanwa mkanda kuanzia kiunoni hadi chini ya kifua kama gunia la kahawa linalokwenda mnadani, siwezi kuinama hata ungeniahidi ng'ombe. Mama mkwe akaona isiwe ugomvi, akatunga sheria: "Kilichoanguka ni cha kuku." Tukaishi na sheria hiyo karibu mwaka mzima.

Haya nayaandika kwa ajili yako uliyekaa sasa hivi kwenye benchi la hospitali, mgongo unawaka moto, unasogea kidogo kidogo kuelekea mlango wa daktari. Benchi hilo nalijua. Sina elimu ya udaktari ya kukupa. Nina habari za nyanya.

Mimi ni mke wa mkulima wa kahawa hapa Maguu, milimani kwetu Wamatengo, mama wa binti mmoja, Upendo, aliyeko shule ya bweni. Nilimaliza kidato cha nne, na cheti kiko sandukuni kinatunza nguo za Krismasi zisiliwe na nondo. Zaidi ya hayo, mimi ni mtu wa nyumbani. Sisemi kwa kujisifu. Mume wangu husema hata kuku wetu wanatembea kuliko mimi. Sherehe ikiitishwa kijijini, mimi ndiye wa kubaki kuangalia nyumba, na nyumba yenyewe haijawahi kukimbia. Kitu pekee kilichokuwa kinanitoa ni ngolo.

Kama wewe si wa huku, ngolo ni mashimo tunayolima kwenye miteremko. Mwanamume anafyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, kama nondo za dirisha. Kisha mwanamke anaingia katikati ya kila dirisha, anachimba udongo, anaufunika juu ya nyasi. Katikati linabaki shimo, na kwenye kingo zake tunapanda maharage. Mvua ikija, maji yanatulia shimoni badala ya kukimbilia bondeni na udongo wetu. Tunalima kwa ngokela, wanawake wa jirani pamoja, leo kwako kesho kwangu, kwa nyimbo na masengenyo. Kulima ngolo ni kuinama. Msimu wote wa Machi mtu anaona mgongo wa mwenzake tu, na bado anajua nani kanuna.

Maumivu yalinianza kwenye ngolo, kwa hiyo kila mtu alisema ni ngolo. Mimi mwenyewe nilisema ni ngolo. Mama mkwe, ambaye amezika mume, amelea watoto saba na bado anabeba kuni kichwani, alinitazama ninavyojinyoosha kwa kushika ukuta, akasema, "Wakamwana wa siku hizi migongo yenu imetengenezwa kwa ajili ya makochi."

"Mama, hata kochi lenyewe hatuna."

"Ndiyo maana unaumwa. Mgongo wako unalisubiri."

Tukacheka. Nikapakwa dawa ya kuchua, nikapewa vidonge vya maumivu, nikarudi kuinama. Ulipofika msimu wa kuchuma kahawa nilikuwa nalowa jasho usiku kama aliyenyeshewa, nguo zinanipwaya, na miguu imeanza kunisaliti. Najikwaa mahali pasipo na kitu. Siku moja nilianguka katikati ya mikahawa nikiwa na kikapu kiunoni, na buni mbivu zikatawanyika mteremko mzima. Mume wangu, ambaye si mtu wa maneno, alikuja, hakuokota hata buni moja, akaniokota mimi. Mkulima wa kahawa akiacha buni chini, ujue hali ni mbaya.

Dada yangu Osmunda ameolewa Liuli, kule chini ziwani, na hospitali iko karibu naye. Huko ndiko nilikopelekwa, Septemba, wakati joto la ziwa linampiga mtu wa milimani kama mlango.

Kuhusu benchi. Watu hawakuambii kwamba kusubiri nako ni kazi ya mwili. Nilikaa tako moja, nikahamia la pili, nikasimama, nikaegemea ukuta, nikarudi. Mama mmoja wa Kinyasa aliyekuwa na mtoto mgongoni alinitazama kwa muda, kisha akafungua kitenge chake cha pili, akakikunja mara nne, akaniwekea mgongoni bila kuniuliza jina. Alipoitwa aliingia na kutokea mlango mwingine, na kitenge kikabaki kwangu. Ninacho mpaka leo. Ukisoma haya, mama, kina maua ya njano, njoo ukichukue.

Wakanipiga picha ya mgongo. Daktari, kijana mwenye sauti ya taratibu, akaiweka kwenye mwanga, akasema, "Mama Upendo, hii ni TB."

Nikapumua. "Basi daktari umechanganya picha. Mimi sikohoi hata kidogo."

"Mgongo haukohoi, mama."

Ndivyo nilivyojifunza kwamba ugonjwa ule unaweza kukaa hata kwenye mfupa. Pingili mbili zilikuwa zimeliwa, zinataka kuegemeana kama walevi. Dawa zipo, akasema, tena zinaponya, lakini ni za kumeza kila siku kwa mwaka mzima. Wakati huo wote mkanda hautoki isipokuwa nikiwa nimelala, na nisiiname, nisibebe ndoo, nisishike jembe. Nikauliza swali moja tu: "Nitainama tena?"

Akasema, "Wengi wanainama. Tusubiri mfupa ushikane ndipo nikujibu."

Sasa fikiria. Mtu aliyetafuta visingizio vya kubaki nyumbani maisha yake yote, amekabidhiwa kisingizio na daktari. Kulala, ruhusa. Kulima, marufuku. Ningepaswa kumbusu yule kijana. Badala yake nililia mpaka Osmunda akaniambia nipunguze sauti, watu watadhani nimefiwa. Kwa upande fulani nilikuwa nimefiwa. Uvivu ni mtamu ukiuchagua mwenyewe.

Miezi miwili ya kwanza nilikaa kwa Osmunda, kwa sababu walitaka kuniona mara kwa mara. Vidonge vile ni vikubwa, na vinamezwa tumbo likiwa tupu. Siku ya kwanza nilipokwenda msalani nilitoka napiga kelele: mkojo ulikuwa na rangi ya soda ya machungwa. Nesi alikuwa ameniambia, lakini kuambiwa na kuona ni vitu viwili. Machozi nayo yakawa na rangi. Kichefuchefu kilinitawala asubuhi, viungo viliuma jioni, na katikati ya hapo nililala chali kwenye ubao uliotandikwa godoro jembamba, nikihesabu mabati ya Osmunda. Kisha njaa ikarudi, tena kwa fujo. Nilianza kula ugali wa muhogo kwa dagaa, mimi niliyekuwa nikiwaambia watu wa ziwani kwamba ugali wao unanata kama gundi. Osmunda alisogeza sufuria karibu. Alikuwa anaongeza tu.

Aliyeniingiza kwenye nyanya ni Nesi Mwanaidi. Ni mtu wa Tanga, ameletwa huku na serikali, na nyumba yake iko njiani kati ya kwa Osmunda na hospitali. Kule ziwani mbuzi hutembea kama wenye kijiji, ukipanda mchicha wanakushukuru. Kwa hiyo Nesi Mwanaidi alikuwa amekata madumu ya mafuta ya kula, akayatundika kwa waya kwenye kenchi za baraza, na humo akapanda nyanya cheri, vile vinyanya vidogo vya mviringo ambavyo kimoja kinaingia mdomoni kizima. Mashina yalimwagika nje ya madumu kwenda chini kama nywele za bibi harusi, na vinyanya vyekundu vimejipanga humo.

Lazima uelewe: tangu nifungwe mkanda, dunia yangu ilikuwa inaanzia kifuani kwenda juu. Vitu vya chini, viatu, moto wa jikoni, watoto wa Osmunda, vilikuwa nchi ya kigeni. Nikapita mbele ya baraza lile na kukutana na shamba lililosimama usawa wa macho yangu. Nilisimama nikiangalia mpaka Nesi Mwanaidi akatoka.

"Bibie, unaiba au unasali?"

"Shikamoo Nesi." Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mingi, lakini ndiye aliyeshika vidonge.

"Shikamoo ya nini, mimi mjukuu wako! Onja."

Nikaonja. Mdomo wangu ulikuwa na ladha ya chuma tangu nianze dawa, chakula chote kilikuwa kama nalamba ufunguo. Kinyanya kile kilipasuka, kitamu na kikali kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza nikahisi kitu kinachoitwa ladha. Nikaomba mche. Akanipa mitatu, na ndoo nyeusi iliyovunjika mshikio.

Sasa ndipo Mmatengo alipojitokeza. Nesi Mwanaidi alidhani mtu aliyezaliwa shambani hahitaji maelekezo. Na mimi nilidhani mtu wa Tanga hawezi kumwelekeza Mmatengo mambo ya udongo. Nikamwomba Osmunda aniwekee ndoo juu ya meza, nikalaza nyasi kavu kwa mistari inayokatana, nikafunika udongo kwenye kingo, katikati nikaacha shimo zuri la duara. Ngolo kamili, ndani ya ndoo. Nikapanda miche yangu kwenye kingo. Nikamwagilia. Maji yakatulia shimoni, kama babu zetu walivyotaka. Nilijisikia mwenye akili kuliko wilaya nzima.

Baada ya wiki moja majani yalikuwa ya njano. Nikaongeza maji. Yakazidi. Nesi Mwanaidi alipopita, akachungulia ndani ya ndoo, akaniangalia mimi, akachungulia tena.

"Mama Upendo, hapa unafuga samaki gani?"

"Hiyo ni ngolo."

"Mlimani kwenu, maji ya ngolo yakizidi yanakwenda wapi?"

"Yananywea ardhini."

"Na hapa ardhi iko wapi?"

Nikaelewa. Ndoo haikuwa na tundu hata moja. Mteremko mzima unapumua chini ya ngolo, mimi nimechimba ngolo juu ya sahani. Akavuta mche mmoja, mizizi ikatoka imeoza, inanuka kama kitambaa cha kuoshea vyombo kilichosahaulika. Osmunda alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nami nilianza kucheka, lakini kicheko kikageuka njiani. Nikamwambia Nesi Mwanaidi kwamba kama nimeshindwa kukaa na nyanya tatu, mgongo huu je?

Akanipa kitambaa cha kufuta machozi yangu ya machungwa. "Mgongo wako haujui habari za ndoo hii," akasema. "Usiunganishe. Wewe meza dawa. Ndoo tunatoboa."

Akatoboa matundu kwa msumari uliotiwa moto. Nyasi zangu akaziacha ziingie chini kabisa, maana zinashika unyevu, akachanganya udongo na samadi ya mbuzi wale wale maadui zake. Akaniambia mmea wa kutundikwa unakauka haraka kwa sababu upepo unaupata pande zote, kwa hiyo maji asubuhi na jioni, kidogo kidogo, mpaka yadondoke chini. Yakidondoka, acha. Maua yakitoka, gonga shina taratibu kwa kidole ili unga wa maua usambae. Hayo ndiyo niliyoyajua na ndiyo ninayoyajua mpaka leo. Ukitaka zaidi muulize bwana shamba.

Novemba nikarudishwa nyumbani, dawa ziendelee kutoka zahanati ya kwetu. Nilipanda mlima nikiwa nimekumbatia miche iliyofungwa kwenye kitambaa kibichi, na mbegu zilizokaushwa kwenye karatasi. Mume wangu alinishusha garini kama anayeshusha kioo. "Wengine wakitoka ziwani wanaleta samaki," akasema.

Nyumbani kulikuwa na jambo lingine. Zahanati walitaka mtu wa familia awe msimamizi wa dawa zangu, anione ninameza kila siku. Mume wangu anatoka alfajiri. Akabaki mama mkwe. Basi kila asubuhi, kabla ya chai, nikasimama mbele ya mama wa mume wangu, mwanamke mzima mwenye binti sekondari, nikameza, na yeye akasema, "Fungua mdomo." Nikafungua. "Inua ulimi." Nikainua. Sijui nani alimfundisha kuinua ulimi. Nadhani alijifunza kwa mbuzi.

Na alikuwa amenitengea kikombe. Hakusema kitu, ila nilikiona: cha bati, kimefungwa uzi mwekundu kwenye mshikio, kimewekwa peke yake kwenye kona ya kabati. Nesi wa zahanati alishaeleza kwamba TB yangu iko mfupani, haimwambukizi mtu. Mama mkwe alisikiliza, akaitikia, akamshukuru, na kikombe kikabaki kwenye kona. Mume wangu alitaka kugomba, nikamzuia. Mtu anayeamka kabla ya jogoo kunipa dawa, nimgombeze kwa ajili ya uzi? Lakini uliniuma. Nakwambia ukweli, uliniuma kuliko pingili.

Mume wangu alinitundikia ndoo kwenye ukuta wa jiko unaotazama baraza, upande jua la asubuhi linapopiga, chini ya upenu. Huku kwetu mvua za Januari na ukungu wake hula majani ya nyanya kama moto, na vinyanya vya ziwani vilinuna kwa baridi. Lakini ukuta wa jiko una joto la moto wa ndani, na upenu ukazuia mvua isiguse majani. Mimi siwezi kuinua maji, kwa hiyo mama mkwe ndiye aliyemwagilia, kwa kopo, akisimama kwenye kigoda na kulalamika.

"Chakula kinaota kwenye udongo. Hiki kimenyongwa."

"Hakijanyongwa, Mama. Kimepumzika, kama mimi."

"Wewe umepumzika tangu uolewe."

Vilipoiva vya kwanza, kimoja kilianguka kabla sijakifikia. Kikaviringika mpaka kwenye vidole vyangu vya miguu. Nilikiona kwa kuinamisha macho tu. Nikajaribu kupiga goti kama nilivyofundishwa, mgongo wima, lakini mguu ukatetemeka, nikaogopa, nikarudi juu. Kuku mwekundu akaja mbio, akakidonoa mara tatu, akafuta mdomo ardhini, akaniangalia kama anayeuliza kama kuna kingine. Hapo ndipo sheria ilipotungwa. Mama mkwe alikuwa mlangoni. Alikuwa ameona goti. Akasema ile "Kilichoanguka ni cha kuku" kwa sauti ya kawaida, kama vile ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, na nikamshukuru kwa kutosema kitu kingine.

Asubuhi moja baada ya hapo nilishindwa kumaliza chai yangu kwa kichefuchefu. Akachukua kile kikombe chenye uzi, nikajua anakwenda kumwaga. Akanywa. Akamaliza yote amesimama. "Ina sukari," akasema. "Siwezi kumwaga sukari." Kesho yake uzi haukuwepo, na kikombe kilikuwa kimechanganyika na vingine, hata sikujua kipi kilikuwa changu.

Kisha Machi ikafika.

Huu ndio mwezi ninaotaka kukuonya kuuhusu, ewe wa kwenye benchi. Nilikuwa katikati ya dawa, nimenenepa, silowi jasho tena, natembea bila fimbo. Najisikia mzima. Hapo ndipo watu wengi huacha vidonge, kwa sababu ugonjwa umenyamaza nao wanadhani umehama. Nami niliwasikia wanawake wa ngokela yetu wakiimba mteremko wa ng'ambo, nasikia majembe, nasikia hata kicheko na kujua ni cha nani. Nikamwambia mama mkwe, "Nitakwenda. Nitachimba taratibu." Kwenye ngokela asiyelima kwa wenzake halimiwi. Shamba letu lingebaki nyasi, na mimi ningekuwa yule mwanamke ambaye watu hulitaja jina lake kisha wanashusha sauti.

Mama mkwe alikuwa anafunga kitenge kiunoni. Alifunga fundo, akafunga jingine juu yake. Halafu akachukua jembe langu. Si lake, langu.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Zamu yako."

"Kwa umri huo?"

"Mgongo wangu ulitengenezwa kabla ya makochi," akasema, na akatoka.

Alikwenda msimu wote, kila siku ya zamu, akalima mahali pangu katika mstari. Nilisimama barazani na mkanda wangu, nikitazama mgongo wake mdogo ukishuka na kupanda kati ya migongo ya wanawake niliolingana nao. Jioni alirudi, akakaa, akanyoosha miguu, na mimi sikuwa na cha kumpa isipokuwa bakuli la vinyanya. Akala kimoja kimoja, akitema vikonyo. "Vimenyongwa," akasema, "lakini vinafaa." Siku iliyofuata akabeba bakuli lingine kwa wenzake. Walirudisha bakuli tupu na ujumbe: nisidhani nyanya zinachimba ngolo, ila niongeze.

Nikaongeza. Nilitafuta kila chombo chenye uwezo wa kubeba udongo: makopo ya rangi, sufuria lililotoboka, beseni la Upendo. Vyombo vilipoisha nikaona vikapu vya kuchumia kahawa vimekaa tu stoo. Nikavitandika mifuko ya salfeti kwa ndani, nikajaza, nikapanda, mama mkwe akavitundika. Vilipendeza kuliko ndoo zote. Kahawa ilipoiva, mume wangu akaingia stoo, akatoka, akaingia tena.

"Mama Upendo, vikapu vyangu viko wapi?"

Nikamwonyesha upenu. Vikapu vinne vinaning'inia, vimejaa maua.

Akavihesabu kwa kidole. "Vitoe."

"Vina mimba. Utatoa mwenye mimba nje?"

Yule mtu asiye wa maneno akaenda kuazima vikapu kwa jirani. Alipoulizwa vyake vimepatwa na nini, nasikia alijibu kwamba mkewe ana TB ya mgongo na imepanda kichwani.

Septemba nilirudi Liuli kwa picha ya mwisho. Benchi lile lile, na safari hii nilikuwa nimebeba kile kitenge cha maua ya njano, nikikitafutia mwenyewe. Hakuwepo. Nikamwekea mgongoni mzee mmoja aliyekuwa anahama tako hadi tako, na alipoitwa akanirudishia. Daktari akaweka picha kwenye mwanga. Pingili zilikuwa zimeshikana. Nesi Mwanaidi, aliyekuja kusikiliza bila kualikwa, alipiga kigelegele, akajiziba mdomo.

"Vua mkanda," daktari akasema. "Inama, shika magoti."

Nikavua. Nilijisikia kama konokono aliyeibiwa nyumba. Nikapeleka mikono kwenye mapaja, nikasema, "Nimefika."

"Hapo umefika Mbinga, mama. Tunakwenda Songea."

"Songea nitakwenda kesho."

Hakunilazimisha. Akasema mgongo uko tayari, aliyebaki ni mwenyewe. Nianze na vitu vyepesi, jembe lisubiri mvua. Nesi Mwanaidi alinisindikiza hadi nje, mkanda wangu ukiwa kwapani mwake.

Nikarudi mlimani bila mkanda, na bado nikitembea kama nimeuvaa. Wiki zikapita. Vitu vya chini niliviacha chini. Nilikuwa nimeambiwa ninaweza, na kila nikijaribu nilisikia zile pingili mbili walevi wakiegemeana, ingawa hazikuegemeana tena. Mume wangu aliniokotea, mama mkwe aliniokotea, na kuku akaendelea kunenepa kwa mujibu wa sheria.

Mpaka asubuhi ile. Kikapu cha mwisho, kile cha kona, kilikuwa kimezaa kinyanya kimoja ambacho nilikuwa nakilinda. Nilikuwa nimekiacha kiive kabisa, kiwe chekundu mpaka kiwe karibu na weusi, kwa ajili ya kuhifadhi mbegu. Nikanyoosha mkono. Nikakigusa. Kikachomoka, kikaanguka, kikaviringika kuelekea jikoni, na kuku mwekundu akatoka nyuma ya mtungi mbio, shingo mbele.

"We! Hicho hapana!"

Sikumbuki kushuka. Nakumbuka kuwa na kinyanya mkononi, na uso wa kuku karibu na uso wangu kuliko nilivyowahi kuuona, na jicho lake la pembeni likinishangaa. Vidole vyangu vilikuwa vumbini. Magoti yalikuwa yamenyooka nusu tu, kichwa kiko chini, mgongo umepinda kama upinde juu ya yote hayo, na haukusema kitu. Nikakaa hivyo. Niliona miguu yangu. Kucha zilikuwa zinahitaji kukatwa.

"Hicho ni cha kuku," sauti ya mama mkwe ikasema kutoka mlangoni. "Kimeanguka."

"Kesho awahi," nikasema, nikiwa bado chini.

Akasogea karibu. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa juu ya mgongo wangu, "Jembe lako liko nyuma ya mlango wa stoo. Nimelitia mpini mpya, ule wa zamani mimi niliumaliza. Machi usije ukajifanya mgonjwa."

Nikainuka na kinyanya changu. Mbegu, nikafikiri, ya kuhifadhi. Kisha nikakitia mdomoni kizima, na vumbi lake.